Nilivyosoma uhasibu kwa Kiingereza na kuuelewa kwa Kiswahili

Kwa miaka minne kabla sijajiandikisha kwa mtihani wowote wa bodi, nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, katika nyanda za juu za Newala, na kazi yangu ilikuwa kuandika stakabadhi za wakulima wa korosho, kutunza daftari la fedha na kwenda benki na bahasha chini ya kwapa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mwandiko mzuri na kikokotoo kilichofutika namba 7. Niliamini kwamba hesabu nazijua. Ninachotaka kueleza hapa ni namna nilivyogundua kwamba nilichokuwa nakijua ni kujumlisha, na kwamba ugunduzi huo ulinijia nikiwa najiandaa kwa ATEC II, hatua ya pili ya cheti cha mafundi wa uhasibu kinachotolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA.

Kwa wasioifahamu njia hiyo, bodi hiyo iliundwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972, na ngazi zake za mitihani zinamruhusu mtu asiye na shahada kuanzia chini kabisa: ATEC I, kisha ATEC II, kisha ngazi ya msingi, ngazi ya kati na hatimaye ngazi ya mwisho inayompa mtu haki ya kuandika CPA(T) mbele ya jina lake. Aliyehitimu shahada ya uhasibu chuoni huingilia ngazi ya kati. Sisi wengine tunapanda kuanzia daraja la kwanza. Mitihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na hapo ndipo mtu wa korosho anapokutana na kikwazo chake cha kwanza, kwa kuwa Novemba ni kilele cha msimu. Minada inafuatana, maghala yamejaa, wakulima wako mlangoni tangu alfajiri, na karani anayeomba ruhusa ya wiki moja kwenda kukaa kwenye chumba cha mtihani anaonekana amerukwa na akili. Nilichagua Mei, nikawa nasoma kuanzia Februari, baada ya hesabu za msimu kufungwa, usiku, kwa taa ya sola.

Ugumu uliofuata ulikuwa wa lugha, na nasema hivyo bila kuona aibu. Masomo na mitihani yote ni kwa Kiingereza, ilhali kazini kwangu hakuna hata karatasi moja inayosomwa na wanachama kwa lugha hiyo. Mwanzoni nilikariri. Nilikuwa na daftari la kurasa mia mbili ambalo upande wa kushoto niliandika neno la kitabuni na upande wa kulia maana yake kwa Kiswahili, nikidhani kwamba nikishalijaza nitakuwa nimemaliza kazi. Kilichotokea ni kinyume chake, kwa sababu kila nilipoandika neno la Kiswahili nililazimika kujiuliza kama kweli ndilo, na maswali hayo ndiyo yaliyonifundisha uhasibu kuliko sura nzima za kitabu.

Chukua debiti na krediti. Mwalimu wa kituo nilichosomea mwishoni mwa wiki alitufundisha kwamba debiti ni kushoto na krediti ni kulia, tukaandika, tukaendelea. Lakini mimi nilikuwa nimezoea taarifa ya benki, ambayo tunapoweka fedha huandika krediti, wakati kitabu kilinitaka fedha inayoingia niiandike debiti. Kwa wiki nzima niliamini kwamba ama kitabu kimekosea au benki. Nilipata ufumbuzi nikiwa natwanga kisamvu, nilipoacha kufikiria kushoto na kulia na kuanza kufikiria nani anamdai nani. Hapa Kiswahili kilinisaidia: tunasema kudai na kudaiwa, na mwelekeo wa deni unakaa ndani ya kitenzi chenyewe, hauwezi kupotea. Tukiweka milioni moja benki, sisi tunaidai benki, na kwenye leja yetu, yaani kitabu chetu cha hesabu, benki ni mdaiwa wetu. Kwenye leja ya benki sisi ndio wadai wake, na ile taarifa inayotuletea ni nakala ya leja yake, si ya kwetu. Ni tukio moja linalotazamwa kutoka pande mbili za kaunta. Tangu siku hiyo usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, ambao wenzangu waliuogopa, ukawa swali langu la kwanza kulijibu.

Somo lililonigusa zaidi, hata hivyo, lilikuwa lile la uhasibu wa sekta ya umma na vyama vya ushirika, maana lilinikuta nikiwa na kosa langu mwenyewe mkononi. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima analeta korosho zake kwenye ghala la chama, zinapimwa, zinapelekwa ghala kuu, zinauzwa mnadani, fedha inarudi, inakatwa ushuru na gharama zinazotambulika, na kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Mimi nilikuwa naandika fedha yote iliyorudi kutoka mnadani kuwa mapato ya chama, na malipo yote kwa wakulima kuwa matumizi ya chama. Nani angenilaumu? Fedha iliingia kwenye akaunti yetu, ikatoka kwenye akaunti yetu.

Kwa mfano, tuseme chama kimekusanya kilo 200,000 zikauzwa kwa shilingi 2,500 kila moja. Zinazopita mikononi mwetu ni shilingi milioni 500. Tuseme pia ushuru wa chama ni shilingi 50 kwa kilo. Mapato halali ya chama ni milioni 10 tu. Milioni 490 zilizobaki ni za wakulima na za wale wengine wenye haki ya makato, na chama kimezibeba kama kuli anavyobeba gunia la mtu. Kama uendeshaji wa ofisi umetumia milioni 8.5, ziada ya mwaka ni milioni 1.5. Sasa angalia ubaya wa kosa langu: ukiandika mapato milioni 500 na matumizi milioni 498.5, ziada inabaki ileile milioni 1.5. Jibu la chini ni sahihi. Ndiyo maana kwa misimu mitatu hakuna aliyegundua, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Kosa lilikuja kujitokeza mwaka ambao baadhi ya wakulima walikuwa wameandika namba za akaunti zenye makosa, malipo yao yakarudi, na hadi siku ya kufunga hesabu shilingi milioni 30 zilikuwa bado zimelala kwenye akaunti ya chama. Kwa namna yangu ya kuandika, fedha ambayo haijalipwa haikuwa matumizi, kwa hiyo hesabu zikaonyesha ziada ya milioni 31.5. Wajumbe wa bodi walifurahi sana, na kikao kikaanza kuzungumzia pikipiki ya chama. Nilikuwa na mashaka ya aina ya mtu anayesikia harufu ya kuungua asijue chungu kiko wapi. Pikipiki haikununuliwa, namshukuru Mungu, kwa sababu wakulima walikuja kudai haki yao kabla hatujafika dukani. Lakini mimi nilibaki nikiona kwamba wametupunguzia ziada, na sikuelewa kwamba ziada hiyo haikuwahi kuwepo. Nilielewa miezi kumi baadaye, nilipofika kwenye sura inayotofautisha anayeuza mali yake na anayeuza mali ya mwenzake kwa niaba. Nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Milioni 30 zile zilipaswa kuandikwa chini ya wadai tangu siku zilipoingia.

Hapo niliona pia kwamba Kiswahili nacho kinaweza kumpoteza mtu. Neno uchakavu, kwa mfano, linalotumika hata kwenye ripoti za ukaguzi, linatokana na kuchakaa, nalo humfanya msikilizaji afikirie kitu kilichochoka. Nilipoiambia bodi kwamba mizani yetu ya shilingi 1,200,000, ambayo tunatarajia kuitumia miaka sita, itapungua shilingi 200,000 kila mwaka vitabuni, mwenyekiti aliniuliza kwa upole, kama mzee anavyomuuliza mjukuu aliyevunja kikombe: «Mwanangu, mizani umeipima lini ukaona imechakaa? Mbona jana imepima sawasawa?» Alikuwa na haki ya kuuliza. Uchakavu wa mhasibu haupimi uchovu wa chuma. Unagawa gharama ya kitu kwenye miaka yote itakayofaidika nacho, ili msimu mmoja usibebeshwe mzigo wa sita. Nilimjibu kwamba, mzee wangu, ni kama shamba ulilolipalilia kwa mavuno ya misimu sita, haifai gharama yote kumdai mwenye mavuno ya kwanza. Alikubali, ingawa nadhani alikubali kwa sababu ya njaa ya mchana.

Nikiri kwamba sikufaulu yote kwa mkupuo mmoja. Somo la uhasibu wa gharama lilinirudisha. Nilikokotoa vizuri kiwango cha mauzo kisicholeta faida wala hasara, lakini swali lilitaka pia nieleze jibu hilo linamaanisha nini kwa mwenye biashara, nami nikaandika mstari mmoja na nusu na kusonga mbele. Laiti ningesoma mapema taarifa za watahini! NBAA huchapisha maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake na maoni ya watahini, na yeyote anayesoma peke yake kijijini asianze na kitabu kabla hajazisoma, kwa maana utakuta humo makosa yako yameandikwa kabla hujayafanya. Somo hilo nililirudia Novemba, katikati ya msimu, baada ya kumwomba mpwa wangu akae ofisini siku mbili. Nilisafiri usiku, nikafanya mtihani nikiwa bado nanukia magunia, na nikafaulu.

Jambo moja sikulielewa vizuri hata baada ya kufaulu, nalo ni akiba. Sheria ya ushirika inataka sehemu ya ziada ya kila mwaka itengwe kuwa akiba, nasi tulitenga. Kwa mhasibu, akiba hiyo ni sehemu ya mtaji, ni maelezo ya mali ya chama imetoka wapi. Haisemi mali hiyo sasa iko katika umbo gani. Kwa Mswahili, akiba ni fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Hizo ni fikra mbili tofauti zinazotumia neno moja, na nilitambua umbali wake siku ya mkutano mkuu wa wanachama, mkutano wa kwanza niliosoma hesabu nikiwa na cheti cha ATEC II, hesabu ambazo wakaguzi wa COASCO, shirika la umma la ukaguzi wa vyama vya ushirika, walikuwa wamezipitia.

Nilisoma kwamba akiba ya chama ni shilingi 9,000,000. Nikasoma, mistari michache chini, kwamba fedha iliyoko benki ni shilingi 2,300,000. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mkutanoni, alinyanyua fimbo yake.

«Binti, nimekusikia vizuri mara zote mbili. Akiba ni milioni tisa, na benki kuna mbili na laki tatu. Nyingine imelala wapi?»

Ghala tulimokutania lilinyamaza kwa namna ambayo karani yeyote wa ushirika anaifahamu. Nilimpa shikamoo yake kwanza, akaitikia. Kisha nikamweleza kwamba mwaka juzi mkutano huuhuu uliamua ghala liezekwe upya, kwamba shilingi 6,700,000 za akiba zilinunua mabati na misumari na kulipa fundi, na kwamba kwa hiyo akiba yote bado ipo, ila sehemu yake kubwa imegeuka kuwa paa tulilokaa chini yake. Nilimwonyesha kwa kidole. Watu wote wakatazama juu.

Mzee akatazama kwa muda mrefu kuliko wengine, akaishusha fimbo. «Basi andika,» akasema, «kwamba pale kwenye pembe ya kusini akiba yetu inavuja.»

Tuliandika kwenye mengineyo. Fundi amekuja wiki iliyopita na kutoa makadirio ya shilingi 340,000, na sasa ninalo swali la kujiuliza kabla ya Mei: fedha hiyo ni matengenezo ya mwaka huu, au ni nyongeza kwenye thamani ya ghala?