Ngalawa Mbili Topeni

Jumamosi nilipita Morogoro Stores, Oysterbay, pale pale Edward Saidi Tingatinga alipokuwa akiuzia picha zake mwishoni mwa miaka ya 1960. Tembo na chui wamejaa ukutani, rangi zinawaka. Kilichonisimamisha ni kipicha kimoja kimya pembeni: ufuko wa Msasani maji yamekupwa, ngalawa mbili zimelala kwenye tope, mbingu imechukua zaidi ya nusu ya ubao. Hakuna mtu. Hakuna hata ndege.

Nikasema moyoni, huu ni msiba. (Tangu tumzike baba naona misiba kila mahali.)

"Shikamoo mzee," nikamwambia mchoraji wake. "Picha hii ina huzuni sana."

"Marahaba, mwanangu. Hebu chuchumaa uitazame."

Nikachuchumaa. Chini ya ngalawa ya mbele ukatokea mng'ao mwembamba kama uzi, ambao nikiwa nimesimama sikuuona kabisa. Mzee akanieleza. Rangi yake ni ya mafuta, ile ile ya makopo. Ya mbingu na tope aliizimua kwa tina nyingi mpaka ikafifia. Kijivu akakivutia kwenye samawati kabla havijakauka, ndiyo maana huoni mbingu inapoishia wala bahari inapoanzia. Uzi ule peke yake aliupaka rangi nzito kutoka koponi, bila kuichanganya na kitu. Mwanga ukiupiga kwa ubavu, unaonekana umelowa.

"Maji hayo," akasema. "Yanarudi."

Mimi nilikuwa nimeisoma picha nzima kwa rangi tu, kijivu nikakifanya majonzi. Sikujiuliza maji yanakwenda upande gani, nami nimezaliwa pwani! Nikaitazama upya. Ngalawa ya nyuma imelala ubavu bado, lakini ya mbele imeshaanza kujiinua, mrengu wake umebanduka kwenye tope. Kimya kile ni cha kungoja.

Leo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, na bamvua huku kwetu maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Nikashuka Msasani, nikakaa juu ya gogo. Ilipokaribia saa sita, tope chini ya ngalawa moja likaanza kung'aa kabla sijayaona maji yenyewe. Kijana mmoja akaja na tanga begani, akalitupa ndani, akaketi ukingoni miguu ikining'inia.