Ukimnukuu Aristotle, achana na namba ya ukurasa

Jamani, mnaoandika tasnifu za nadharia ya siasa, hili linawaangusha wengi. Ukiandika "Aristotle, Politics, uk. 54", msomaji mwenye tafsiri nyingine hafiki popote, maana kila tafsiri ina kurasa zake. Tumieni namba za Bekker, zilizotokana na toleo la Kigiriki la kazi za Aristotle alilohariri Immanuel Bekker, Berlin, 1831. Chukua 1253a2: 1253 ni ukurasa wa toleo lile, a ni safu ya kushoto (ya kulia ni b), 2 ni mstari. Hapo ndipo ilipo kauli kwamba binadamu kwa maumbile ni kiumbe wa siasa. Namba hizi huchapwa pembezoni mwa tafsiri nzuri. Isiyo nazo isomeni tu, msiinukuu. Mstari husogea kidogo kwa sababu mpangilio wa Kigiriki haufanani na wa lugha ya tafsiri, hivyo ni salama kuandika 1253a1–4.

Plato ana namba za Stephanus, za kurasa za toleo la kazi zake la 1578, zenye herufi a hadi e kwa sehemu za ukurasa. Kwa Hobbes taja sura, kwa Locke taja kifungu. Na tafadhali, Leviathan ya Hobbes ni ya 1651 hata kama nakala yako imechapwa majuzi: andika miaka yote miwili.