Mzimu wa Mkesha, kule kusikokucha

Wiki iliyopita nilimaliza sura ya tisa ya hadithi yangu, ile ya wasafiri wanaofika sayari ya Mkesha, na usiku ule nililala usingizi ambao sijaupata tangu mwaka uanze. Sura yenyewe ni ya mzimu, yaani mahali pa kutambikia, wanaoukuta kule. Nimeiandika mara nne. Ile ya kwanza niliichana ukurasa kwa ukurasa, nikawashia jiko.

Mnaonifuata hapa mnajua kazi yangu ni cherehani, Ngamiani, Tanga, na kwamba naandika usiku kwenye kaunta buku wateja wakishaondoka. Baadhi yenu mmeniuliza imekuwaje mzimu mmoja unichukue miezi minane, na chombo kizima cha angani nilikimaliza kwa wiki mbili. Nimeona nieleze, maana ni jambo ninalolipenda na limenisumbua.

Mara ya kwanza nilijenga mnara. Chuma cheusi, urefu wa minazi kumi, maandishi yanayowaka buluu, mlango unaofunguka wenyewe. Mpwa wangu wa kidato cha pili akasoma, akanirudishia daftari, akasema, "Shangazi, hii kama nimeshaicheza kwenye gemu." Hakukosea. Mnara ule ulikuwa wa ajabu tu, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kuuhitaji.

Nikarudi kwenye sayari yenyewe. Mkesha nimeibuni, lakini sikuibuni hewani. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu ni Proxima Centauri, nyota kibete nyekundu, umbali wa miaka nuru 4.2 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mzima). Mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kwamba kuna sayari inaizunguka, na mzunguko mmoja, yaani mwaka mzima wa kule, ni siku 11 tu za kwetu. Jirani, lakini si jirani wa kumpelekea bakuli la futari: chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na kinachokwenda karibu kilomita 17 kila sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kukata umbali huo. Sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake huenda imeshikwa na mvuto, uso mmoja ukiielekea nyota daima, kama Mwezi unavyotuonyesha sisi uso uleule. Upande mmoja mchana usiokwisha, upande mwingine giza tupu, na katikati utepe wa machweo ya kudumu.

Hapo Kiswahili kilinigomea, na ndipo hadithi ilipoanza kuwa yangu. Sisi saa tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja ni saa moja kwa sababu kumekucha. Sasa msafiri wangu Mwanaidi atasemaje saa, mahali ambapo hakuchi wala hakuchwi? Hana asubuhi ya kuamkia watu, hana adhuhuri, kivuli chake kiko palepale tangu alipotua. Niliandika kurasa sita juu ya jambo hilo peke yake, nikazifuta tano. Jina Mkesha lilitoka humo.

Kisha nikasoma juu ya kuyumba kwa Mwezi. Mwezi hautuonyeshi nusu yake tu. Kwa kuwa njia yake si duara barabara na mhimili wake umeinama kidogo, unakuwa kama mtu anayetikisa kichwa polepole, na kwa muda tunapata kuona asilimia 59 ya uso wake. Nilipofika hapo niliweka mkasi chini. Maana sayari ya Mkesha nayo, kama njia yake si duara, itayumba. Na ikiyumba, basi kwenye ule utepe wa katikati pana mahali ambapo jua linachungulia juu ya upeo wa macho, linakaa kidogo, linazama palepale lilipotokea. Kila baada ya siku 11. Sayari nzima haijui alfajiri isipokuwa ukanda ule.

Kama mimi ni kiumbe wa kule, nikasikia kwamba kuna mahali kunakucha, nitakwenda kwa miguu, hata kama safari ni ya maisha yangu yote. Nikajua mzimu uko wapi. Bado sikujua ukoje.

Kuhusu neno, wapo walionishauri niite hekalu. Ni neno kubwa na lina safari ndefu: Wasumeri, watu wa kale wa Iraq ya leo, walisema e-gal, "nyumba kubwa", likapita kwa Waakadi na kwa Wayahudi, likaingia Kiarabu, hadi likatufikia sisi. Lakini nyumba kubwa ndiyo ule mnara wangu nilioutia motoni. Mzimu unaweza kuwa mbuyu, jiwe, shimo lenye maji. Ukubwa hautakiwi. Kinachotakiwa ni watu wanaokwenda.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kiomoni, kijiji kilicho jirani na mapango ya Amboni. Nilikuwa na miaka saba siku aliponichukua. Kwenye kikapu alitia ubani uliofungwa karatasini, chetezo cha udongo, chupa ya maji ya waridi, kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, na juu yake ufagio wa chelewa. Ufagio ndio niliopewa kubeba.

"Bibi, ufagio wa nini? Kwani huko kuna nyumba?"

"Ukienda kwa mtu na shida yako, ukakuta uani kwake pachafu, utakaa kitako tu umwangalie?"

Sikuuliza tena. Ndani palikuwa na baridi, harufu ya popo, na sauti ya matone sehemu nisiyoiona. Mwamba wa mapango yale ni chokaa iliyolala chini ya bahari miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, lakini hilo nilikuja kulijua ukubwani. Siku ile nilichokiona ni vitu vya watu. Chupa tupu za marashi, sarafu, vitambaa vyekundu na vyeupe, na mkate. Mkate wa kumimina, nusu, juu ya kipande cha jani la mgomba. Bibi alipoanza kufagia nikaubonyeza kwa kidole. Ulikuwa laini bado. Kulikuwa na mtu pale asubuhi hiyohiyo, kabla yetu, mwenye shida yake, ambaye hatukupishana naye njiani.

Waongozaji wa wageni pale watakusimulia njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa, na mbwa aliyepotelea pangoni akaonekana Kilimanjaro. Wapimaji walioingia mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote ni la mita 900 hivi. Haikunipunguzia kitu. Mimi nilichotoka nacho mle ni ule mkate.

Najua wapo wasomaji wangu wanaosema mambo hayo ni shirki, na nawaheshimu. Mimi mwenyewe siendi kuomba kule. Ila aliyenifundisha kuswali ni Bibi huyohuyo, na sikumbuki akidharau mahali ambapo mtu mwingine amelia.

Mwezi wa tatu nilifunga duka siku moja, nikapanda daladala kwenda Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa mji. Tongo ni mahame, mahali palipohamwa na watu, na jina limesema yote. Pana msikiti wa zamani usio na paa, na makaburi ya nguzo, mengi kuliko mahali pengine pa pwani yetu. Nguzo nyingi zimeanguka. Kwenye nguzo kama zile waashi waliacha visahani, mashimo ya mviringo yaliyochongwa vizuri, na ndani yake walikuwa wanapachika bakuli za kauri kutoka China. Bakuli zimeng'olewa. Mashimo yamebaki. Nilitia kiganja changu kwenye shimo moja, kikaenea sawasawa, na chokaa ndani yake ilikuwa laini kama sehemu ya ndani ya kikombe. Fundi aliyeizungusha ile kingo alijua bakuli lile lina upana gani. Alilipima, kama ninavyopima mimi shingo ya kanzu.

Nikarudi na kutoa mnara wote. Mzimu wa Mkesha sasa ni ukuta mmoja wa mawe, mfupi, unafika kiunoni kwa Mwanaidi, umejipinda kama mkono uliomkumbatia mtoto. Umeupa mgongo upande wa giza, kwa sababu upepo wa chini kwenye sayari ya namna hiyo hutoka upande wa baridi kwenda upande wa joto, na hautulii. Upepo unabeba majivu meusi ya mimea. (Mimea ya kule nimeifanya myeusi, maana chini ya nyota nyekundu hafifu jani halina budi kunywa kila mwanga linaoupata.) Ukutani kuna visahani kumi na moja, vitupu. Kuna ngazi tatu, kila moja na kimo cha vidole vinne.

Hizo ngazi ndizo zilizowashinda wenzake Mwanaidi. Nahodha anasema waliojenga walikuwa taifa kubwa lililotoweka, na ngazi ni mapambo. Karibu na pale wanaishi viumbe wadogo, wenye matumbo yanayoburura chini, wasio na chombo wala moto, na nahodha hataki hata kuwafikiria. Sikuibuni fikra hiyo. Mwaka 1871 msafiri Mjerumani Carl Mauch alifika Zimbabwe Kuu, yale magofu ya mawe ya nchi ya Zimbabwe, akatazama kuta zile, akamtaja Malkia wa Sheba, mradi wasiwe wenyeji. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba ni kazi ya Waafrika, mwenzake Gertrude Caton-Thompson akachimba mwaka 1929 akathibitisha, na bado serikali ya Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati wa utawala wa wazungu, haikupenda lisemwe. Leo wapo wanaowapa viumbe wa angani piramidi za Misri. Jambo hilo linaniuma. Nilipoamua kuandika viumbe wa angani wenye mzimu wao, niliapa kwamba kwenye hadithi yangu hakuna atakayewanyang'anya.

Mkumbuke pia ule uso wa sayari ya Mirihi. Chombo cha Viking 1 kilipiga picha mwaka 1976, watu wakaona uso wa mtu umelala jangwani, na pakaandikwa mengi. Mwaka 2001 chombo kingine kikapiga picha kali zaidi, ikaonekana ni kilima. Kuna maajabu ya kutazamwa kwa mbali tu. Mimi nilitaka mahali ambapo ukisogea, unazidi kuona, na ukipiga magoti unaona zaidi.

Basi Mwanaidi anapiga magoti. Sakafu mbele ya ukuta ina mfereji mpana, kina cha kiganja, umelainika kama sabuni iliyotumika. Anaupima kwa mkono. Si mfereji wa maji, maana hauna mteremko. Ni upana wa tumbo la vile viumbe vidogo. Vizazi kwa vizazi, tumbo baada ya tumbo, wameburura hadi pale na kurudi, mpaka jiwe limeliwa. Halafu anaona jambo ambalo alipaswa kuliona tangu alipofika: upepo umejaa majivu, nguo zake nyeusi, kofia yake nyeusi, na sakafu ni safi. Kwa upepo ule, sakafu isiyofagiwa kutwa moja ingezama.

Sehemu hii sikuandika, ilijiandika. Nilisikia ufagio wa chelewa.

Jua linachungulia. Jekundu, pana mara tatu kuliko la kwetu, ukingo tu juu ya mlima. Mwanga unapita chini kabisa, unapanda ukuta, unaingia kwenye kisahani cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kiumbe mmoja anatoka nyuma ya ukuta, anampita Mwanaidi kama mtu anavyompita mwenzake msikitini, taratibu, bila kumgusa. Anaingia kwenye mfereji. Mwanga unapofika kisahani cha saba anatoa sauti ndogo, ndefu, ya mtu anayezungumza na mmoja tu. Mwanaidi ana mashine ya kurekodi mkononi. Anaizima.

Mpwa wangu amesoma, na safari hii hakutaja gemu. Anataka kujua kiumbe alisema nini. Amenisihi tangu Jumapili, "Shangazi, wewe si ndiye mwandishi, wewe unajua." Siku ile Amboni, Bibi alipoinamia chetezo, moshi ukamfunika mpaka mabegani. Niliona midomo yake ikicheza. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, nimeshika ufagio.