Kwera gani huyo? Kanari wangu wa Arboretum

Wacha niseme hii kitu iishe. Yule ndege wa njano niliyemwona Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, si kwera, wale wanaofuma viota. Ni kanari, ndege mdogo wa kufugwa anayeimba. Nairobi ukisema umeona ndege wa njano kila mtu ni kwera tu, na kuna mzee mmoja mwenye darubini ya bei kali aliniambia ati "kijana, hiyo ni kwera, wacha kusumbua watu", na hata shingo hakugeuza!

Sasa kwera wa njano mwili mzima ana mdomo mnene mweusi na jicho jeupejeupe, na yule anayejaa kwa nyua za watu huku mtaani ana barakoa nyeusi usoni. Wangu mdomo mdogo wa pinki, jicho jeusi, mgongo njano tupu. Hata chiriku wetu wa njano mgongo wake ni kijani na una mistari. Halafu aliimba bana, trili ndefu inapanda inashuka bila kukata pumzi, kwera yeye hukwaruza tu.

Picha ndio ilinitoa jasho. Simu peke yake ilitoa doa la njano, ukiambiwa ni ganda la ndizi unaamini. Nikarudi na lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya choo ikiisha, nikalikata fupi, nikalivisha kwa jicho la darubini (ya kuazima, usiniulize), nikafunga na seloteipu, kamera ya simu nikaiweka upande ule mwingine, viwiko juu ya benchi. Watu wa maombi waliokuwa hapo karibu walinyamaza kidogo wakaniangalia, nadhani niliongezwa kwa maombi. Lakini picha ilitoka! Na mguuni, pete ya rangi ya machungwa isiyo na kiungo, ile mfugaji humvalisha kinda kwa sababu mguu ukikua haipiti tena.

Basi ametoroka kwa mtu. Kanari wa porini ni wa visiwa vya Canary, Azores na Madeira, na huko ni wa kijani-kijivu mwenye mistari, hii njano safi ni kazi ya wafugaji. Nilionyesha wale wa matembezi ya kuangalia ndege ya Jumatano asubuhi, hakuna aliyetaja kwera.

Kuna waliosema nimtege nimuuze, hao sijawajibu. Mwenyewe ukisoma hii, leta kitundu chake kilekile, weka mbegu ndani, uache mlango wazi asubuhi kabla wakimbiaji hawajajaa. Anakula nyasi zenye mbegu karibu na uzio, na haogopi watu hata kidogo, kwa hivyo fanya haraka, kuna paka pale.