Pini kwenye sketi ya shule

Moshi, Jumapili usiku

Leo napiga pasi sare za wiki, mkono ukagusa pini kwenye kiuno cha sketi ya binti yangu. Zipu haipandi tena mpaka juu, kishikizo kimeng'oka, kaishikiza kwa pini na kunyamaza. Ana miaka 14. Sketi yenyewe tuliishonesha Januari.

Ule unyamavu wake ndio ulioniuma. Mwezi uliopita ndugu mmoja alimwita bonge mbele ya wageni, watu wakacheka. Mimi nikinenepa naambiwa nimenawiri! Tangu siku ile hagusi chai ya asubuhi, anasema hana njaa. Ikifika saa nne tumbo linamwaka, anakimbilia chipsi mayai zinazochuruzika mafuta, na soda juu yake. Chupa moja ya mililita 350 hubeba sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Anajinyima asubuhi, njaa inamlipiza mchana.

Nilipiga hesabu ya kilo na urefu wake, nikataka kuisoma kama ninavyosoma yangu. Haisomwi hivyo. Kwa kijana huangaliwa pamoja na umri na jinsia, kwa sababu bado anakua, na msichana akivunja ungo mwili huongeza mafuta kwa kawaida yake. Kwa hiyo sitamwambia neno "pungua" mpaka apimwe na anayejua.

Ila kuna jambo sihitaji mizani kuliona. Miaka miwili nyuma alikuwa kwa bibi yake Kibosho, kule juu mlimani. Alikula machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, sahani imejaa, mtori, parachichi, maziwa, na alikuwa mwepesi kama swala. Lakini shule ilikuwa bondeni, kurudi ni kupanda, na akifika kuna majani ya ng'ombe ya kukata. Huku mjini basi la shule linambeba mlangoni kabla hakujapambazuka. Kipindi cha michezo kimegeuzwa cha hesabu. Jioni tuisheni, kisha simu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku. Za kwake nimezitafuta, hata 10 hazifiki. Na basi hilo nililipia mimi, nikiamini namdekeza.

Nimeingia chumbani na sketi mkononi. Akaanza kulia kabla sijasema kitu.

"Mama, nisamehe."

"Unisamehe wewe, mwanangu. Sketi ataipanua fundi."

Tumekubaliana mawili tu: asubuhi tunakunywa chai pamoja, na viazi au mayai ya kuchemsha, na Jumamosi tunapanda kwa bibi. Gari litatushusha miinuko inapoanza, tumalizie kwa miguu.

Akafuta machozi, akauliza kama bibi atapika machalari. Nimeshampigia simu. Anasema ndizi zipo, nyama tuje nayo.