Jinsi Nilivyozinasa Hitilafu za Kumbukumbu Ndani ya Kerneli ya Linux

Ninatunza moduli ya Linux inayopokea usomaji wa mita za maji kupitia waya wa siriali. Moduli hiyo inakaa juu ya tabaka la tty (linaloshughulikia laini za siriali) la kerneli, kiini cha mfumo endeshi: inachukua baiti zinazoingia, inazikata ziwe fremu, yaani ujumbe mmoja mmoja kamili, kisha inazikabidhi kwa programu ya juu. Nilipoipokea ilikuwa tayari inafanya kazi kwenye vifaa vidogo vya ARM vilivyofungwa mitaani, na ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mara chache, bila mpangilio wowote, kifaa kilianguka na kujiwasha upya.

Logi hazikusaidia, maana kila moja ilitaja sehemu yake. Leo ext4 (mfumo wa faili), kesho mtandao, siku nyingine ni sehemu yenyewe inayogawa kumbukumbu. Ukizifuata moja moja utamaliza wiki ukikagua ext4, ambayo haijakosea chochote. Hitilafu za kumbukumbu katika lugha ya C ndivyo zilivyo: anayeharibu siye anayeanguka. Moduli inaandika kwenye kipande ilichokwisha kukiachia kwa kfree, kazi ya kerneli ya kurudisha kumbukumbu, kipande kimeshapewa mwingine, na huyo mwingine ndiye anayekufa, pengine dakika kadhaa baadaye. Kwa hiyo kabla ya kulitafuta kosa lenyewe, niliamua kupunguza umbali kati ya kosa na anguko. Kila zana niliyoichukua baada ya hapo niliipima kwa kigezo hicho.

Ya kwanza ilikuwa KASAN, mkaguzi wa matumizi ya kumbukumbu ndani ya kerneli, iliyoingia katika Linux toleo la 4.0 mwaka 2015. Ukiwasha CONFIG_KASAN, kompaila hutia ukaguzi mdogo kabla ya kila kusoma na kila kuandika. Ukaguzi huo unatazama kumbukumbu kivuli: kila baiti 8 za kumbukumbu halisi zina baiti 1 ya kivuli. Ikiwa na sifuri, zote 8 ni halali. Ikiwa na namba kati ya 1 na 7, ni hizo za mwanzo tu zinazoruhusiwa. Ikiwa na thamani hasi, hakuna ruhusa kabisa. Kipande kikiachiwa, kivuli chake hujazwa 0xFB, na kipande chenyewe huwekwa karantini badala ya kugawiwa upya mara moja. Kwangu mimi karantini ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko yote. Bila hiyo, kipande kingepewa mwenye kukihitaji papo hapo, kivuli kingerudi kuwa halali, na moduli ingeendelea kuandika pasipo mtu kujua.

Gharama yake ni kubwa. Kivuli kinakula sehemu moja ya nane ya kumbukumbu, na kasi inashuka waziwazi. Vifaa vyetu vya mtaani visingeweza kuibeba, kwa hiyo nililihamishia jaribio zima kwenye mashine pepe za QEMU, nikitumia kerneli ya toleo lilelile la vifaa, yaani 5.15. Moduli ya tty ina neema moja hapa: haihitaji waya. Unafungua jozi ya pty (tty bandia yenye pande mbili), unaita ioctl ya TIOCSETD, amri ya kuchagua moduli itakayohudumia laini, upande mmoja, na kuanzia hapo chochote unachoandika upande wa pili kinaingia kwenye moduli kana kwamba kimetoka kwenye mita. Niliweka pia panic_on_warn=1 ili mashine isimame kwenye ripoti ya kwanza. Sikutaka iendelee kukimbia ikiwa imeshaharibika.

Programu ndogo ya majaribio niliyoiandika kwa mkono, ya kufungua, kutuma fremu na kufunga, haikuonyesha kitu. Binadamu hujaribu kwa utaratibu, na hitilafu ya aina hii huishi pasipo na utaratibu. Hapo ndipo nilipoichukua syzkaller, iliyoanzishwa na Dmitry Vyukov wa Google. Inabuni mfululizo wa miito ya mfumo (maombi ya programu kwa kerneli), inaitekeleza ndani ya mashine pepe nyingi, na kupitia KCOV, kifuatiliaji cha msimbo uliotekelezwa, inaona kila mfululizo umefika wapi ndani ya kerneli. Uliofika mahali papya unahifadhiwa na kugeuzwageuzwa, usiofika unatupwa. Kilichonipa matumaini ni CVE-2017-2636, hitilafu ya kuachia kipande kimoja mara mbili ndani ya n_hdlc. Moduli hiyo nayo ni ya tty kama yetu, kosa lilikuwa limekaa ndani yake tangu 2009, na syzkaller ndiyo iliyolitoa nje.

Lakini syzkaller haijui moduli yako. Ukiiacha hivyohivyo itagonga ioctl zako kwa namba za ovyo, itarudishiwa EINVAL (kosa la hoja batili), na asubuhi utadhani msimbo ni safi. Inabidi uielezee kwa lugha yake ya maelezo: wito huu unahitaji faili ya aina hii, muundo huu una sehemu ya urefu inayolingana na data hii, bendera zinazokubalika ni hizi. Kazi hii inachosha, nami nashauri usiiharakishe, kwa sababu ubora wa matokeo yote unatoka hapo. Nilitumia pia enable_syscalls kuibana kwenye miito inayohusu tty peke yake, pamoja na kufunga faili na kuunda nyuzi (mikondo ya utekelezaji inayokimbia sambamba), ili nguvu ya mashine isipotee kwingine.

Haikuchukua muda ripoti ikaja. Ripoti ya KASAN kuhusu matumizi baada ya kuachiwa huleta njia tatu za miito ya kazi: nani amegusa kipande, nani alikitenga, na nani alikiachia. Nikiwa na hizo tatu kwenye skrini moja, fumbo la miezi lilifunguka. Aliyegusa alikuwa kitendo cha taima. Aliyeachia alikuwa kazi ya kufunga laini. Moduli ina taima inayotupa fremu isiyokamilika, na wakati wa kufunga iliita del_timer halafu kfree. Kumbe del_timer huondoa tu taima inayosubiri. Kama kitendo chake kimeshaanza kwenye CPU nyingine, haikisubiri kimalize. Mtaani hali hiyo ilijitokeza umeme wa mita ulipokatika katikati ya fremu: programu ya juu ilifunga laini ili iifungue upya, na wakati huohuo taima ikaamka.

Dawa ni del_timer_sync, inayosubiri. Ila kubadilisha jina tu kusingetosha, kwa sababu kazi ya kufunga ilikuwa imeshika kufuli (kizuizi cha kuingia mmoja mmoja) ambalo kitendo cha taima nacho hulihitaji. Mmoja angesubiri kufuli, mwingine angesubiri taima, na vyote viwili vingeganda. Niliutoa wito huo nje ya kufuli, kisha nikarudia majaribio nikiwa nimewasha CONFIG_PROVE_LOCKING ili kerneli yenyewe ithibitishe mpangilio wa kufuli. Syzkaller ilikuwa imeshaupunguza mfululizo wake hadi programu fupi ya C inayoleta anguko lilelile. Programu hiyo nimeihifadhi, na sasa kila badiliko la moduli linapita kwayo kwanza.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Nilipofungua ukurasa wa syzkaller unaoonyesha mistari iliyofikiwa, kazi ya kukata fremu ilionekana kama haijaguswa hata mara moja, ilhali nilijua inakimbia. Sababu ni kwamba KCOV hufuatilia uzi ulioita mfumo peke yake, na data ya pty humfikia msomaji kupitia foleni ya kazi, yaani kwenye uzi mwingine. Syzkaller ilikuwa ikitembea gizani kwenye sehemu muhimu kuliko zote! Ipo njia ya kuweka alama za kcov_remote_start, lakini mimi nilichagua KUnit, mfumo wa kujaribu kazi moja moja za kerneli, iliyoingia katika toleo la 5.5. Niliitenga kazi ya kukata fremu iwe na mlango wake, nikaiandikia majaribio ya kuilisha fremu fupi, ndefu na zenye urefu wa uongo, yote yakikimbia chini ya KASAN.

Hapo lilitoka kosa la pili, na hili lisingeonekana mtaani kamwe. Bafa ilitengwa kwa baiti 120, na fremu kubwa kabisa ilipojaa, baiti 2 za CRC (namba ya kuhakiki data) ziliandikwa nje ya mpaka. Kmalloc, kazi inayogawa kumbukumbu, haina kipande cha 120, inatoa cha 128, kwa hiyo baiti hizo ziliangukia kwenye nafasi ya ziada na hazikumdhuru mtu. KASAN haijali ukubwa uliotolewa, inajali ulioombwa. Siku ambayo mtu angeongeza bafa hadi 128 kamili, nafasi hiyo ingetoweka na tungerudi kwenye maanguko ya ext4.

La tatu lilikuwa uvujaji wa kumbukumbu. Maombi madogo ya kumbukumbu ya aina ya GFP_KERNEL, iliyo ya kawaida, karibu hayakataliwi kamwe, hivyo njia za kushughulikia kukataliwa huwa hazijaribiwi. Failslab, zana ya kerneli, huyakataa kwa makusudi. Ombi la pili lilipokataliwa wakati wa kufungua laini, la kwanza halikuachiwa, na kmemleak, zana inayotafuta uvujaji, ikalitaja.

Kwenye vifaa vya mtaani sasa imewashwa KFENCE, mkaguzi mwepesi wa kumbukumbu. Hiyo haikagui kila kitu. Kwa mipangilio ya kawaida, kila milisekunde 100 inachukua ombi moja la kumbukumbu na kuliweka kwenye ukurasa unaopakana na kurasa zilizofungwa, ikiwa na nafasi za vipande 255 tu. Inakula takribani megabaiti 2, nasi tunazimudu. Kifaa kimoja kinaweza kukaa muda mrefu bila kunasa kitu, lakini vifaa ni vingi na vinakimbia usiku na mchana. Ninachokamilisha kwa sasa ni ramoops, sehemu ya kerneli inayohifadhi logi za anguko, ili ripoti ikitoka ibaki kwenye kumbukumbu hata kifaa kikijiwasha upya, na iweze kutumwa ofisini mtandao ukirudi.