Nilivyoufuatilia Ukoo wa Binti wa Philadelphia Aliyezaliwa Mnamo 1811

Mume wangu ni Mmarekani mweusi, na ukoo wa mama yake umeishi Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, kwa vizazi vingi. Mama mkwe aliponiomba nimsaidie kumtafuta bibi mmoja wa zamani, ambaye kwa hesabu ya wazee alikuwa bado mtoto mwaka 1820, nilijua kwamba jina la mtoto huyo singelikuta katika sensa ya utoto wake. Sensa za Marekani za tangu 1790 hadi 1840 zilimtaja mkuu wa kaya peke yake, na wengine wote wakahesabiwa kwa mafungu. Mwaka 1810 watu weusi huru waliandikwa kwa jumla tu, bila umri wala jinsia. Mwaka 1820 ndipo walipogawanywa, na msichana kama huyu akawa tarakimu katika safu ya wasiofikia miaka 14.

Kwa hiyo nilianzia utu uzimani kwake nikarudi nyuma. Sensa ya 1850, iliyokuwa ya kwanza kuandika majina ya watu huru wote, ilimwonyesha akiwa mama wa makamo mwenye miaka 39, ingawa umri wa sensa si jambo la kuapia. Kwa kuwa uhusiano wa watu ndani ya kaya haukuandikwa hadi 1880, nililazimika kupekua daftari la ndoa la kanisa lake, na humo nikapata jina la ukoo alilokuwa nalo kabla ya kuolewa.

Hazina yenyewe ilikuwa katika nyaraka za Pennsylvania Abolition Society, chama cha kupinga utumwa kilichoanzishwa mwaka 1775, ambazo zinahifadhiwa na Historical Society of Pennsylvania. Miongoni mwake zimo hati za watumwa walioachiwa huru na mikataba ya utumishi ya watoto. Watoto wa maskini, weupe kwa weusi, walikuwa wakifungwa kwa mkataba katika nyumba za watu: bwana aliahidi chakula, mavazi, malazi na mafunzo ya kusoma, naye mtoto akatumika hadi afikie umri uliotajwa. Mkataba wa binti yetu ulikuwa fomu iliyopigwa chapa, nafasi zake zikajazwa kwa kalamu, na chini yake mama yake alikuwa ametia alama ya msalaba kando ya jina aliloandikiwa na karani.

Wengi hukimbilia majina katika hati kama hiyo. Mimi naona umri wa kumaliza utumishi una maneno mengi zaidi. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 iliagiza kwamba mtoto aliyezaliwa na mtumwa baada ya kupitishwa kwake amtumikie bwana wa mama yake hadi miaka 28, ilhali msichana aliyezaliwa huru kwa kawaida alifungwa hadi miaka 18. Binti yetu aliandikiwa 18. Hilo lilinielekeza nimtafute mama yake katika hati za kuachiwa huru za miaka iliyotangulia 1811, si katika orodha za watoto wa watumwa zilizosajiliwa wilayani, na humo nikamkuta: alikuwa ameachiwa huru katika jimbo jirani la Delaware akiwa bado msichana, miaka kadhaa kabla ya kuzaa.